Noeli ya nyumbani ni ya nani? Uhakiki wa desturi moja ya Lubumbashi

Kila mwaka, mvua ikisha kuanza vizuri na maembe kuiva katika malupango, kuko ulizo moja linazunguka Lubumbashi mzima, tangu Kenya mpaka Ruashi, tangu Katuba mpaka Kampemba: «Mama, na nguo yangu ya Noeli?» Mtoto anauliza mama, mama anamgeukia baba, na baba anaangalia chini. Ni ulizo dogo la mtoto, lakini nyumba nyingi zinaliogopa kuliko ulizo la mwenye nyumba anayekuja kudai pesa ya kupanga.

Vijitabu kama hiki vinasemaka zaidi juu ya mahari, matanga, mapasa, heshima ya mkwe. Noeli inaachwa kando, kama kwamba ni jambo la mapadri na wachungaji peke yao. Lakini kitu ambacho watu wanafanya kila mwaka, kwa namna ileile, kwa zaidi ya miaka mia moja, na ambacho mtu anaona haya akikiacha, hicho ni desturi. Na desturi inaweza kupimwa: ni nini ndani yake kinalisha, ni nini kinaumiza. Nitaipima Noeli yetu ya mjini kwa upande mmoja tu, ule wa mtoto ambaye iko nyumbani siku hizo za likizo, kwa sababu kila mtu anasema «Noeli ni sikukuu ya watoto». Tuone kama ni kweli.

1. Noeli ilivyofika kwetu

Katika inchi yetu ya Katanga, Noeli ilikuja na wamisionari. Frederick Stanley Arnot, Mprotestanti, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Wabenedikti wakiwa na Jean-Félix de Hemptinne walifika mwaka 1910, mwaka uleule mji wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ulipoanza. Kwa hiyo mji wetu na Noeli yake vimekomaa pamoja. Hatuna Noeli ya «zamani za wazee» ya kurudilia. Tuko na Noeli ya makambi ya wafanyakazi, ya misioni, ya masomo na ya soko.

Wabelgiji walikuja pia na mtakatifu Nikola, askofu wa Myra katika inchi inayoitwa leo Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Sikukuu yake ni tarehe 6 Disemba, na Ubelgiji ndiyo siku watoto wanapata zawadi. Katika desturi ile, mtakatifu anatembea na mtumishi mwenye uso mweusi, ambaye kazi yake ni kutisha watoto wabaya. Msomaji afikiri mwenyewe mtoto wa Kamalondo alielewa nini mbele ya picha ya namna ile: mzungu mwenye ndevu anatoa zawadi, mtu mweusi anashika fimbo.

Kuko pia mwaka ambao wazazi wetu hawausahau. Mwaka 1974, serikali ya Mobutu, katika mambo ya «authenticité», ilifuta Noeli katika hesabu ya siku za kupumzika. Tarehe 25 Disemba ikawa siku ya kazi. Lakini sikukuu haikukufa. Watu walienda kazi, wakarudi, wakapika, wakasali. Serikali ilichukua siku. Haikuweza kuchukua kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Ninaleta habari hii mapema kwa sababu inaonyesha kwamba Noeli inaweza kusimama bila mambo mengi ambayo leo tunadhani ni ya lazima.

Wala tarehe yenyewe haikuanguka kutoka mbinguni. Injili haisemi Yezu alizaliwa siku gani. Maandishi ya zamani kabisa yanayoonyesha tarehe 25 Disemba ni kalenda moja ya Roma ya mwaka 354. Na ndugu zetu Wakimbangu wanaadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, na hakuna mtu anasema hawana Noeli. Basi, ikiwa hata tarehe ni watu waliichagua, namna ya kufanya sikukuu nayo tunaweza kuichagua.

2. Nguo mpya

Tuanze na nguo, kwa sababu njo inaleta maneno mingi. Nisieleweke vibaya: desturi hii iko na mzizi mzuri. Kumvika mtoto nguo mpya ni kumwonyesha mbele ya Mungu na mbele ya majirani kwamba iko na watu. Mzazi ambaye mwaka mzima anakula mara moja kwa siku anapata, siku moja, furaha ya kuona mtoto wake anapita katika avenue akiwa safi kama mtoto wa mkubwa. Yule anayecheka furaha hiyo hajapata kuwa maskini. Mimi siicheke.

Lakini angalia vile mambo yanaendaka. Tuchukue nyumba ya watoto watatu. Tuseme dola 20 kwa kila mmoja, nguo na viatu: ni dola 60. Weka kuku, mchele, mafuta, sukre za watoto, makala: dola 40 ingine. Ni dola 100 katika siku moja, na tangu tarehe 2 Januari mifuko iko wazi. Kweli, tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini ya sekondari inalipiwa, na madaftari inanunuliwa, na muda wa pili wa mwaka unaanza palepale kisha Bonane. Kila mwalimu wa sekondari anajua wiki ile ya Januari. Mtoto anarudishwa nyumbani juu ya deni la masomo, na viatu vyake vya Noeli viko vinangaa mguuni. Viatu vinangaa, yeye iko njiani anarudi.

Hata kitemo chetu kimeanza kuumia. Msomaji anajua kitemo: watu kumi wanatoa kila mwezi, mmoja anabeba, mwezi ujao mwingine. Ni akili nzuri ya mama zetu, imesomesha watu wengi kuliko benki. Lakini mwezi wa kumi na mbili kila mtu anataka kuwa yeye wa kubeba. Urafiki wa mwaka mzima unaharibika juu ya zamu ya Disemba. Na pesa ambayo ilipaswa kufungua kibiashara kidogo inaenda katika nguo ambazo mtoto atakuwa amezizidi kabla ya Pasaka.

Kitu ambacho kinaniumiza zaidi kiko ndani ya moyo wa mtoto. Nguo ya Noeli imekuwa mtihani. Mtoto aliyeipata amepita, asiyeipata ameanguka. Ile siku, kuko watoto ambao hawatoki katika lupango. Wanajificha nyuma ya mlango mpaka wenzao wapite. Ukiuliza, mama anajibu: «Iko mugonjwa kidogo.» Mtoto haumwi kitu. Anaona haya. Sikukuu ya mtoto aliyezaliwa katika hori la kulishia nyama, kwa sababu wazazi wake walikosa fasi, imekuwa siku ya kufungia mtoto maskini ndani ya nyumba. Kama desturi imefika pale, wazee wetu wangesema imepotea njia, na inafaa mtu aikamate mkono airudishe.

3. Pamba juu ya mti

Nyumba zenye uwezo kidogo zinaweka mti wa plastiki, taa zinazowaka na kuzimika (siku umeme uko), na pamba juu ya matawi. Pamba ile ni theluji. Kule mti wa Noeli ulikoanzia, Ujerumani, Disemba ni baridi kali na theluji inaanguka. Watu wanafunga milango, wanawasha moto, na mti wa kijani ndani ya nyumba unawaambia kwamba uzima haujakufa inje. Ni alama nzuri, iko na akili yake kwa inchi yake.

Kwetu Disemba ni kinyume kabisa. Ni mvua, ni mahindi yanaota, ni uyoga, ndiyo bowa wetu, unafika sokoni katika vitunga, ni maembe. Uzima uko inje, unajaa kila pahali. Mtoto wa Lubumbashi anayeweka pamba juu ya mti wa plastiki anafundishwa kwamba uzuri wa Noeli uko katika kitu ambacho hajaona na pengine hataona. Anapita chini ya mwembe wenye matunda kwenda kuangalia mti usiozaa.

Papa Noeli naye anatoka njia ndefu. Waholanzi walipeleka mtakatifu Nikola wao New York. Pale shairi moja la mwaka 1823 na michoro ya Thomas Nast, katika karne ileile, vilimgeuza kuwa mzee mnene mwenye mfuko. Biashara ikamvisha nyekundu kila fasi duniani. Simkatai juu ya ugeni wake. Hori nayo ni ngeni, na bukari yetu tunaipika na mahindi yaliyotoka Amerika. Ninamkataa juu ya sababu ingine: anaficha mzazi. Baba amefanya kazi kwa chuma ao kwa jembe, mama ameuza mandazi tangu saa kumi na moja ya asubuhi, wamepata kitu kidogo cha kumpa mtoto, halafu tunamwambia mtoto kwamba imetoka kwa mzee mmoja wa mbali. Na kama hakuna kitu, mtoto anaelewa nini? Kwamba mzee yule anajua lupango za wengine, ya kwao haijui. Kwa Waafrika zawadi iko na uso na jina la mtoaji. Mtoto anafundishwa kusema aksanti na kuipokea kwa mikono miwili. Zawadi bila mtoaji inamnyima somo lile.

4. Mchezo wa kanisani

Katika parokia nyingi na katika makanisa ya Kiprotestanti, watoto wanacheza habari ya kuzaliwa kwa Yezu. Hiki ndicho kipande bora cha Noeli yetu ya mjini, na inafaa kusema hivyo waziwazi. Kwa wiki tatu ao ine mtoto iko na kazi. Anajifunza maneno kwa moyo, anangoja zamu yake, anajifunza kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Mtoto ambaye darasani hafungui kinywa unamkuta pale ni malaika, anatangaza kwa sauti mpaka mlango wa nyuma. Mama mmoja atashona nguo za wachungaji na kikwembe kizee, mwingine ataleta fimbo. Gharama ni karibu bure.

Lakini hapa pia mhakiki anaona mambo mawili. La kwanza: Herode. Mwaka kwa mwaka, mwenye kupigiwa mikono sana ni Herode, kwa sababu mtoto anayemcheza anaiga wakubwa wetu: miwani nyeusi, walinzi, simu mbili, tumbo la mto. Watu wanakufa na cheko. Ni mzuri, na ni hekima ya watoto: wanajua Herode anaishi wapi. Shida ni kwamba Maria na Yozefu wanakaa kimya wanaangalia chini, kama sanamu. Injili inasema walitembea, walitafuta fasi, walikimbia usiku na mtoto mpaka inchi ya kigeni. Katika Kongo yetu, ambapo mwaka 2025 familia nyingi za Kivu zilikimbia na watoto mgongoni, Yozefu na Maria hawapaswi kukosa maneno. Watoto wakiachiwa nafasi, wangejua kuwaandikia.

La pili: mtoto Yezu mwenyewe. Mara nyingi ni sanamu ya plastiki ya pinki iliyotoka dukani, na kuko watoto wachanga kumi ndani ya kanisa wananyonya. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipofanya hori la kwanza katika Greccio mwaka 1223, alichukua majani makavu ya kweli, ng'ombe wa kweli, punda wa kweli, kwa watu wa mashamba waliojua nyama hizo. Alitaka waone kwa macho yao kwamba jambo lile lilikuwa la maisha kama yao. Yeye ndiye anatupa ruhusa. Kufuata Fransisko ni kuchukua mbuzi wetu, majani yetu, mtoto wetu. Vilevile, padri Guido Haazen na waimbaji wa Kamina walipotoa Missa Luba, mwaka 1958, walionyesha dunia kwamba misa inaweza kuimbwa na ngoma zetu bila kupoteza heshima. Na mwaka 1988 Roma yenyewe ilikubali misa ya kawaida ya Zaire. Mlango uko wazi tangu zamani. Ni sisi tunabaki inje na pamba mkononi.

5. Nani anapumzika?

Watu wengi wanaandika siku hizi kwamba familia inapaswa «kupumzika» Noeli. Ni neno nzuri, lakini tuulize: nani anapumzika? Angalia lupango tarehe 25. Baba ameketi chini ya mwembe na wageni. Vijana wako na muziki. Watoto wadogo wanacheza. Mama iko mbele ya mbabula tangu asubuhi. Moshi machoni, mgongo umepinda. Na binti mkubwa wa miaka kumi na mbili iko pembeni yake anaosha masahani. Yule binti naye ni mtoto. Noeli yake ni masahani. Kama tunasema sikukuu ya watoto, tumhesabu na yeye.

Nikiwapa wanafunzi kazi ya kuandika juu ya siku zao za Noeli, wavulana wananiandikia nguo, mchezo wa mpira na chakula. Wasichana wananiandikia kazi. Karibu hakuna anayeandika: «Baba alituambia hivi», ao «Tulisema na mama.» Siku kumi na ine za likizo, watu wako nyumba moja, na hakuna neno moja la mzazi lililobaki katika kichwa cha mtoto. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya Noeli yetu, kuliko hata dola 100. Nguo inapasuka, kuku inaisha, na hakuna neno la kuchukua fasi yake.

Kumpumzisha mama hakuombi pesa. Kunaomba mpango. Chakula kimoja kizuri, si vinne. Bukari, kuku ao samaki, sombe, na basi. Mchele kama upo. Kuni na maji ni kazi ya wavulana. Baba achune kuku mwenyewe. Hakuna sheria ya mababu inayokataza baba kuchuna kuku. Wageni waambiwe mbele kwamba mwaka huu tutakula kwa saa nane, si mpaka usiku. Na mama akae katika kiti, na yeye, chini ya mwembe, na mtoto magotini. Kuna watu watasema: «Bibi yake anamutawala.» Waache waseme. Mwezi wa kwanza hawatakuja kulipa dawa ya mgongo.

6. Sikukuu ya kuzaliwa

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ni la katikati. Noeli maana yake ni kuzaliwa. Ni habari ya mtoto mmoja alivyozaliwa: wapi, usiku, nani alikuwako, nani alileta nini, nani alitaka kumuua, jina lilitoka wapi. Na kila mtoto wa kwetu iko na habari ya namna ile. Wengi hawajapata kuisikia hata mara moja.

Desturi zetu zinajua thamani ya habari ile. Kwa Baluba wa Kasai, mapasa wanaitwa Mbuyi na Kabanga, na jina lenyewe linasema walivyofika. Karibu kila kabila letu linampa mtoto jina la mtu: nkambo, shangazi, rafiki wa baba aliyesaidia siku mbaya. Kasala inataja ukoo mzima kwa sauti, mpaka mtu anayesikia anasimama wima. Na katika Katanga hii yetu, kundi la Jamaa, lililoanza kwa padri Placide Tempels kule Ruwe, Kolwezi, tangu mwaka 1953, lilifundisha kwa Kiswahili chetu maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hata yule asiyekubali mambo yote ya Jamaa ataona kwamba maneno matatu yale ni Noeli kamili.

Basi Noeli ya nyumbani na mtoto, kwa akili yangu, inaanzia pale. Usiku wa tarehe 24 ao kesho yake, kisha kula, moto wa mbabula ukiwa unapungua na umeme ukiwa umekatika kama kawaida, mzazi amwambie mtoto alivyozaliwa. Ulizaliwa siku ya mvua. Hatukuwa na pesa ya taxi, jirani alitoa kinga yake. Nkambo yako alikuwa wa kwanza kukushika. Jina lako ni la mtu fulani, alikuwa mtu wa namna hii, hakupenda uongo. Mtoto hatachoka kuuliza. Ataomba habari ileile mwaka ujao, na ukigeuza kitu kidogo atakurudisha: «Apana, mwaka uliopita ulisema ilikuwa asubuhi!» Hapo njo desturi inazaliwa.

Na yatima? Na mtoto ambaye baba yake hajulikani? Ulizo hili ni la haki, na mwalimu analikuta kila mwaka. Yozefu wa Injili hakuwa baba wa damu, na ndiye aliambiwa ampe mtoto jina. Mama mkubwa, baba mdogo, mlezi yeyote anaweza kusema: «Siku uliyofika kwetu ilikuwa hivi.» Siku ya kupokelewa nayo ni siku ya kuzaliwa.

Zaidi ya habari, kuko kazi za mikono. Hori la udongo mweusi wa mtoni: mtoto mwenyewe anaumba ng'ombe, kondoo, watu. Mutuka ya nyaya, ambayo watoto wa Katanga wanajua kutengeneza kuliko fundi wa kiwanda, mbona isiwe zawadi ya kaka kwa mdogo wake? Kisolo ichimbwe chini ya mwembe, nkambo na mjukuu wacheze. Mtoto anajifunza kuhesabu, mzee anapata mtu wa kumshinda. Usiku hadithi za Kalulu ao Kabundi, mnyama mdogo mwenye akili anayewapita wakubwa. Zinaendana vizuri na habari ya Herode aliyepitwa na mtoto mchanga. Mambo haya yote hayaombi dola hata moja, na yote yanamwomba mzazi kitu kigumu kuliko dola: kuketi.

7. Kipimo

Msomaji ataniambia: mwalimu, unaharibu sikukuu, watoto wanataka nguo. Ninajua. Sisemi tusimame katika mlango wa soko tufukuze wauza nguo. Nao wako na watoto. Ninasema kila nyumba ipime desturi yake kwa maulizo matatu. La kwanza: katika jambo hili, mtoto iko na kazi ya kufanya, ao ni wa kuvikwa na kupigwa picha tu? La pili: jambo hili litatuacha na deni kwa watu mwezi wa kwanza? La tatu: kisha mwaka moja, mtoto ataweza kuliambia mwenzake?

Nguo mpya inaanguka kwa ulizo la kwanza na mara nyingi kwa la pili. Inaweza kuokolewa: inunuliwe nguo ya masomo ya Januari, ishonwe vizuri, ivaliwe Noeli kwa mara ya kwanza. Ao watoto wote wa lupango moja washoniwe kikwembe cha namna moja, kama tunavyofanya kwa harusi na kwa matanga, hapo hakuna wa kujificha nyuma ya mlango. Parokia na chama chetu vinaweza kusaidia kwa jambo hilo kuliko kwa karamu ya wakubwa. Mti wa pamba unaanguka kwa yote matatu, isipokuwa mtoto aupambe mwembe wenyewe. Papa Noeli anaanguka. Mchezo wa kanisani unapita, tukimpa Maria maneno. Chakula kinapita, mama akiketi. Habari ya kuzaliwa inapita kwa yote.

«Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo»: sisi wote tunaijua methali ile, tunaitumia zaidi kwa kumchapa mtoto mkaidi. Itumikie na Noeli. Mtoto aliyelelewa kungoja nguo atakuwa baba wa kukopa nguo. Yule aliyesikia jina lake limetoka wapi, na nani alimshika wa kwanza, atakuwa na kitu cha kuwapa wake hata mwaka ambao mfuko ni mtupu. Na miaka ya namna ile, ndugu msomaji, kwetu haikosekanaka. Likizo ya Disemba inafika. Muda upo wa kuuliza nkambo, kabla hajaenda, mambo ambayo wewe mwenyewe hukuambiwa.